Vifaranga wa kuagizwa mbali na kutumwa kwa basi, au njia nyingine? Ulinganisho kwa mfugaji wa nyumbani

Mfugaji wa Makambako (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, salaam. Ninakusudia kuanzisha kundi dogo la kuku chotara nyuma ya nyumba, wasiozidi arobaini, kwa ajili ya mayai ya nyumbani na ziada kidogo ya kuwauzia majirani. Banda liko tayari na sehemu ya kulelea vifaranga imeshazungushiwa. Kinachonichelewesha ni namna ya kuwapata vifaranga wenyewe, kwa sababu hapa kwetu njia ni nne na kila ninayemuuliza anaisifu ile aliyoizoea yeye.

Njia ya kwanza ni kuagiza kwa simu kutoka kituo cha kutotolesha kilichoko Dar es Salaam, kulipa kwa simu, kisha kuupokea mzigo stendi baada ya safari ya zaidi ya kilomita 600. Ya pili ni kujiandikisha kwa wakala wa hapa mjini, ambaye hukusanya oda za watu kadhaa na kuleta maboksi kutoka Iringa. Ya tatu ni kununua vifaranga wa mwezi mmoja waliokwisha kulelewa na mtu mwingine. Ya nne ni kutafuta mayai yenye mbegu na kuwaatamisha kuku wangu wa kienyeji, ambao ninao sita.

Ninaomba mnilinganishie hatari za kila njia, kwa maana bei ninazifahamu. Hasa ningependa kuielewa njia ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayotangazwa zaidi mtandaoni na ndiyo yenye aina nyingi za kuku za kuchagua, lakini ndiyo pia ambayo mtu hulipa kabla hajaona hata unyoya mmoja.

Kondakta wa Zamani

Ndugu yangu wa Makambako, nimefanya kazi katika ofisi ya vifurushi vya mabasi, kwa hiyo nitaeleza habari za safari tu na ya magonjwa nitawaachia wenyewe.

Boksi la vifaranga likifungwa kama inavyotakiwa lina vyumba vinne, kila chumba vifaranga 25, na matundu pande zote. Vifaranga mia moja waliokaa hivyo wanapashana joto wao kwa wao, na wakipata hewa wanaweza kusafiri vizuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Shida huanza pale boksi linapoingizwa kwenye buti. Buti la basi lina sehemu iliyo karibu na injini ambayo huwa na joto kali, na mpakiaji mwenye haraka huliweka boksi popote palipobaki nafasi, akalisukuma kwa gunia la mchele mpaka matundu ya upande mmoja yakazibika. Wale wa chumba kilichozibwa ndio utakaowakuta wamelala, huku wa vyumba vingine wakiwa wanarukaruka. Ukifungua boksi ukaona vifo vyote vimekusanyika kona moja, jua kwamba hapo tatizo lilikuwa hewa au joto, wala usianze kwa kumlaumu mtotoleshaji.

Barabara yenu ina jambo lake pia. Lori likianguka kwenye mlima wa Kitonga, foleni inaweza kula saa nyingi, na basi lililosimama juani halina upepo wa kuingia butini. Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, mimi huwashauri watu waombe mzigo uondoke jioni, kwa sababu usiku una ubaridi unaovumilika ndani ya boksi lililojaa na foleni huwa fupi. Lakini hapo hapo pana hatari nyingine: basi la Tunduma linapita Makambako alfajiri, kondakta amechoka, mpokeaji bado yuko njiani kuja stendi, na mzigo unapitilizwa hadi Mbeya. Nimeyaona hayo zaidi ya mara moja.

Jambo la mwisho, na ndilo watu wasilolisoma, liko nyuma ya risiti ya kifurushi. Kampuni nyingi huandika kwamba mnyama hai anasafirishwa kwa dhamana ya mwenye mzigo. Kituo nacho husema kwamba kilikabidhi vifaranga wakiwa hai. Kati ya hao wawili, hasara inabaki kwako uliyelipa. Kabla ya kutuma fedha, mtake muuzaji akuandikie, hata kwa ujumbe wa simu, ni nani atakayebeba vifo vya njiani na kwa kiwango gani. Asipotaka kuandika, umeshapata jibu lake.

Daktari wa Mifugo Mstaafu, Morogoro

Ninamshukuru Kondakta kwa maelezo yake. Nitaongeza kitu ambacho naona kinasahaulika karibu kila mara, nacho ni kwamba saa za kifaranga hazianzi kuhesabiwa basi linapoondoka.

Kifaranga anapokaribia kuanguliwa huvuta kiini cha yai kilichosalia na kukiingiza tumboni, na kiini hicho ndicho chakula na maji yake ya siku mbili hadi tatu za mwanzo. Ndiyo maana inawezekana kumsafirisha bila kumlisha. Hata hivyo mayai yaliyoingizwa kwenye mashine siku moja hayaanguliwi kwa dakika moja. Kati ya kifaranga wa kwanza na wa mwisho kunaweza kupita saa 24 au zaidi, na mashine hufunguliwa wengi wao wanapokuwa wamekauka. Wa kwanza, kwa hiyo, ameshatumia siku nzima ya akiba yake kabla hajapangwa kwenye boksi. Ongeza muda wa kuchanja na kuhesabu, usiku mmoja wa kusubiri gari, kisha safari yenyewe, ndipo utaelewa kwa nini boksi moja linaweza kuwa na vifaranga wachangamfu na wengine waliokauka miguu, ngozi ikiwa imekunjamana na mishipa ikionekana. Swali la kumwuliza muuzaji ni hili: vifaranga hawa wataanguliwa siku gani na saa ngapi? Neno la tangazo, kwamba ni wa siku moja, halijibu swali hilo.

Hapa ndipo ahadi ya kwamba wote watafika hai inapopotosha. Kifaranga aliyechoka sana njiani mara nyingi hufika hai. Anasimama, anahesabiwa, mnunuzi anapiga picha na kumshukuru muuzaji. Kisha hajifunzi kula wala kunywa, kiini kinamalizika, na siku ya nne au ya tano anakufa, wakati muuzaji anakwambia kwamba umemlea vibaya. Njia rahisi ya kujua mapema ni kuwashika vifaranga kadhaa jioni ya siku waliyofika na kugusa gole, yaani kile kifuko cha chini ya shingo kinachohifadhi chakula. Likiwa limejaa na ni laini, kifaranga amekula na kunywa. Likiwa tupu, mwoneshe maji kwa kumchovya ncha ya mdomo na umsogeze karibu na chakula usiku huohuo, kwa maana asubuhi inaweza kuwa mbali.

Kuhusu magonjwa, tofautisheni yale yanayotoka kwa mama na yale yanayookotwa njiani au nyumbani. Pulorumu, ile ya kuhara nyeupe, pamoja na mafua sugu yanayoletwa na vimelea vya mikoplazma, hupita ndani ya yai kutoka kwa kuku mzazi. Ukinunua kutoka kwa mtu ambaye wazazi wa vifaranga wake hawapimwi, hakuna usafi wa banda lako utakaokuokoa. Kitovu kuoza ni kosa la mashine chafu au mayai machafu. Mgeuze kifaranga, kitovu kinatakiwa kiwe kimefunga na kikavu, bila kidonda cheusi wala harufu. Mdondo na gumboro, magonjwa ya virusi yanayoua kuku kwa wingi, atayakuta kwako, au kwa jirani yako.

Kwa upande wa faida, vifaranga wa kituo kikubwa wana jambo moja ambalo ninyi hamtaliweza nyumbani, nalo ni chanjo ya mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku. Chanjo hiyo hudungwa siku ya kwanza kabla kifaranga hajakutana na virusi, huja katika chupa ya dozi nyingi, na ikishachanganywa haikai hata nusu siku. Mtu mwenye vifaranga arobaini hawezi kuinunua na kuitumia kwa maana. Kuku wasioipata hukua vizuri hadi karibu na kutaga, kisha mmoja anaanza kuburuta miguu, mmoja mbele na mwingine nyuma, na hapo hakuna dawa.

Mama wa Mafinga

Nianze kwa kusema wazi kwamba mimi ninalea vifaranga na kuwauza wakiwa na mwezi mmoja, ili mtakaponisoma mjue nimekaa upande gani.

Ndugu wa Makambako, fikiria kwanza hali ya hewa yako. Mtu wa Dar es Salaam au Morogoro anayekwambia kulea vifaranga ni rahisi hajawahi kulala Njombe mwezi Julai. Wiki ya kwanza kifaranga anahitaji nyuzi joto 32 hadi 35 pale alipo, kisha unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki. Huku kwetu usiku wa kipupwe unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na umeme ukikatika saa nane za usiku, jiko la mkaa ndilo linalobaki. Jiko lililofungiwa ndani bila hewa huua vifaranga kwa moshi usioonekana, na linaweza kumdhuru hata mlezi aliyekaa humo kuwatazama. Vifaranga waliokwisha kuchoshwa na safari ndio wa kwanza kurundikana na kukanyagana wakitafuta joto.

Pili, boksi ni la mia moja. Wewe unataka arobaini. Hao sitini utawapeleka wapi? Watu wengi hununua boksi zima kwa sababu kituo hakiuzi pungufu, wakawabana wote katika nafasi iliyokusudiwa arobaini, na kabla ya wiki ya tatu kuhara damu kunaingia kwa sababu ya maranda yaliyolowa.

Vifaranga wa mwezi mmoja ni ghali, mara mbili ya bei ya siku moja au zaidi, sikatai. Lakini wamepita wiki zile ambazo vifo ni vingi, wameota manyoya, wamepata chanjo ya mdondo na gumboro, na wengi wao unaweza kuanza kuwatambua majogoo kwa upanga wa kichwani. Unanunua idadi unayoitaka. Unakuja mwenyewe, unawaona wakila, unachagua, unaondoka nao kwa safari ya chini ya saa mbili.

Daktari wa Mifugo Mstaafu, Morogoro

Mama wa Mafinga amesema kweli kuhusu baridi, na nisingependa kumharibia biashara. Hata hivyo lazima niweke upande wa pili. Kifaranga wa siku moja kutoka kituo chenye wazazi waliopimwa ni msafi kuliko atakavyokuwa siku nyingine yoyote ya maisha yake. Kifaranga wa mwezi mmoja ameishi wiki nne katika banda la mtu, amekanyaga kinyesi cha wengine, na kama aliugua mafua sugu akapona, anaendelea kuyabeba na kuyasambaza akiwa anaonekana mzima. Hatari ni kubwa zaidi kwa wale wanaokusanya vifaranga kutoka vituo mbalimbali na kuwachanganya, au wanaorudisha bandani wale walioshindwa kuuzika mnadani.

Kwa hiyo ningemwuliza mlezi yeyote maswali haya: je, huwa unaingiza kundi moja na kulitoa lote kabla ya kuingiza jingine? Chanjo zimeandikwa tarehe, na chupa tupu zipo? Vifaranga wa kundi hili wametoka kituo kimoja?

Mama wa Mafinga

Daktari, nimekusikia. Mimi huingiza kundi moja, hulitoa lote, hufagia, hupaka chokaa na kuliacha banda wazi wiki mbili. Lakini ninakubali kwamba si wote wanaofanya hivyo, na stendi ya kwetu nimewaona wanaouza vifaranga wa mwezi kwenye matenga ambao hata muuzaji hawezi kukwambia walianguliwa wapi. Hao hata mimi nisingewanunua.

Mtanzania wa Ohio

Nimeufuatilia mjadala huu kwa sababu huku Marekani jambo hili lina historia ndefu. Shirika la posta la nchi hii lilianza kupokea vifaranga wa siku moja mwaka 1918, na hadi leo mtu anaweza kuagiza kuku wa aina yoyote kutoka jimbo la mbali na kupigiwa simu asubuhi aende posta kuchukua boksi linalolia. Sheria yao inataka vifaranga wafike ndani ya saa 72 tangu kuanguliwa, jambo linalolingana na maelezo ya Daktari kuhusu kiini.

Pamoja na uzoefu wote huo, mfumo hukwama. Mwaka 2020, posta ilipochelewa, wafugaji wa jimbo la Maine walipokea maboksi yenye maelfu ya vifaranga waliokufa. Mwaka 2025 ilitokea kubwa zaidi: takribani vifaranga 12,000 waliachwa ndani ya lori katika kituo cha posta huko Delaware kwa siku tatu, bila chakula wala maji, na maelfu wakafa humo. Walionusurika walipelekwa katika makazi ya wanyama, na kituo kilichowatuma hakikuwataka tena kwa kuhofia magonjwa. Ninayataja haya ili ndugu yetu asidhani kwamba tatizo ni mabasi yetu tu. Mzigo hai ukiingia katika mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya barua na vifurushi, kila kosa dogo la mtu asiyejua kilichomo linageuka kuwa vifo.

Jambo la pili ni idadi. Huku vituo vingi vilikuwa havitumi chini ya vifaranga 25, kwa sababu wachache hawawezi kupashana joto. Siku hizi wapo wanaotuma wachache kwa kuwawekea kifuko cha joto, na wapo pia wanaojaza boksi kwa majogoo ambayo mnunuzi hakuyaomba, ili wawapashe joto wale aliowalipia. Kwa hiyo Ndugu wa Makambako, muuzaji akikubali kukutumia arobaini katika boksi la mia moja bila kulipunguza nafasi, usifurahi haraka. Huko ndiko baridi inakoingilia.

La tatu linahusu watu. Vifaranga wanaoonekana wazima kabisa huweza kubeba salmonela, vimelea vinavyomharisha mtu, na mamlaka ya afya ya huku iliripoti zaidi ya wagonjwa 1,700 waliohusishwa na kuku wa nyumbani katika mwaka huo wa 2020 pekee. Watoto wadogo ndio wanaowabusu vifaranga na kuweka vidole mdomoni. Usilelee vifaranga jikoni hata kama ndiko kwenye joto, na kila anayewashika anawe kwa sabuni.

Mkulima wa Kitale

Hamjambo nyote. Kutoka upande wa Kenya nitaongeza habari ya kuuziwa kitu usichokiagiza, kwa kuwa naona mmezungumzia vifo zaidi.

Kuku wa mayai wa rangi ya kahawia wametengenezwa kwa namna ambayo kifaranga wa kike hutoka wa kahawia na wa kiume hutoka wa manjano iliyopauka. Kituo kinahitaji majike tu, na yale majogoo yanayobaki huuzwa kwa bei ya kutupa. Huko njiani hubadilishwa jina: mtu anatangaza katika mtandao wa kijamii kwamba ana vifaranga wa kienyeji walioboreshwa, anatuma picha nzuri aliyoichukua kwingine, na mnunuzi wa mbali anapokea boksi zima la madume ya kuku wa mayai, ambayo hayatagi na wala hayanenepi kwa kiasi cha kurudisha gharama ya chakula. Atakayefika kituoni au kwa wakala akaona vifaranga mia moja wote wa manjano iliyopauka anaweza kushtuka. Anayelipa kwa simu ataligundua baada ya miezi. Rangi hiyo, hata hivyo, haiwezi kukusaidia kwa chotara wengine kama kuroiler au sasso, ambao vifaranga wao wana rangi mchanganyiko na huuzwa bila kutenganishwa, kwa hiyo tarajia karibu nusu yao wawe majogoo. Ukitaka mitetea arobaini ya chotara, arobaini ya vifaranga haitakutosha.

Huku kwetu wengi huagiza KALRO Naivasha, kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo na mifugo, na foleni ya kungojea inaweza kuwa ya majuma mengi. Foleni hiyo ndiyo inayowapa matapeli nafasi, kwa sababu mtu aliyechoka kungojea humwamini yeyote anayesema anao leo.

Ningewaonya pia wenzangu wa mpakani. Tanzania ilizuia uingizaji wa kuku kutoka nje kwa sababu ya mafua ya ndege, na mwishoni mwa mwaka 2017 vifaranga 6,400 waliotoka Kenya waliteketezwa kwa moto pale Namanga. Mjadala ulikuwa mkali pande zote mbili, na mimi bado naona palikuwa na njia ya huruma zaidi, lakini somo kwa mnunuzi ni kwamba vifaranga wasio na vibali wanaweza kuchukuliwa na fedha zako zisirudi.

Jogoo wa Tabora

Mbona njia ya nne hamuigusi? Kuku sita wa kienyeji, kila mmoja akiatamia mayai kumi, ni mayai sitini, na baada ya siku 21 mama mwenyewe ndiye mashine, ndiye taa, ndiye mlezi. Hakuna umeme wa kukatika.

Daktari wa Mifugo Mstaafu, Morogoro

Ndugu yangu wa Tabora, kama angekuwa anataka kienyeji ningekuunga mkono bila kusita. Anataka chotara, na hapo kuna vikwazo vitatu. Kuku wake sita hawatakubali kuatamia siku moja kwa amri yake, kwa hiyo atakuwa na vifaranga wa umri tofauti ambao ni vigumu kuwachanja pamoja. Mayai yaliyosafiri umbali mrefu hutikisika. Yanahitaji kupumzishwa kama siku nzima yakiwa ncha yake kali imetazama chini, na hata hivyo kiwango cha kuanguliwa hushuka. Tena, mayai yanayotagwa na chotara waliokwisha kuchanganywa hayatoi watoto wanaofanana na mama zao kwa utagaji. Anayeuza mayai ya chotara wake kama mbegu ya chotara anauza bahati nasibu. Ongeza kwamba vifaranga hao hawatakuwa na chanjo ya mareksi, nawe utaona kwa nini njia hii, iliyo nafuu kuliko zote, inafaa zaidi kuendeleza kundi la kienyeji kuliko kuanzisha la mayai.

Mfugaji wa Makambako (mwanzisha mada)

Ninawashukuru nyote, na ninyi mliotofautiana zaidi, kwa kuwa hapo ndipo nilipojifunza. Oda ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam nimeiondoa katika hesabu. Kinachobaki ni wakala wa hapa mjini anayeleta kutoka Iringa, au Mama wa Mafinga. Majirani wawili wamekubali kuchangia boksi moja la mia moja, ili tugawane kila mtu theluthi yake, nasi tumekubaliana kungoja hadi Septemba baridi itakapopungua. Ninayo maswali mawili. Je, tugawane siku ileile stendi, kila mtu aende kulea kwake? Na hawa kuku wangu sita wa kienyeji, wanaozurura mchana kutwa, nifanye nao nini?

Mama wa Mafinga

Msigawane stendi. Leeni wote mia moja mahali pamoja, kwa yule mwenye banda lenye joto la uhakika, kwa wiki nne za mwanzo. Mnachangia mkaa, chakula na chanjo, mnapeana zamu za usiku. Joto la kundi la mia moja ni rahisi kulitunza kuliko la makundi matatu ya thelathini, na chanjo zenyewe huja kwa dozi nyingi ambazo mtu mmoja huzimwaga. Washeni joto siku moja kabla, maranda yawe makavu na ya vuguvugu ukiyashika. Kama hakuna kati yenu anayeweza kukesha, ndipo mje kwangu.

Daktari wa Mifugo Mstaafu, Morogoro

Ninaafikiana na Mama. Kuhusu hao sita, wao ndio hatari kubwa kwa vifaranga wako kuliko vifaranga walivyo kwao, hasa Septemba, kwa sababu mdondo hupenda kiangazi kabla ya mvua. Wachanje mdondo angalau wiki mbili kabla boksi halijafika. Ile chanjo ya I-2 inayotengenezwa nchini na maabara ya veterinari, TVLA, ni ya tone moja jichoni, inavumilia joto kuliko nyingine, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wape dawa ya minyoo pia. Vifaranga wakifika, wahudumie wao kwanza asubuhi, kisha ndiyo uende kwa wakubwa, na uwe na viatu vya banda la vifaranga ambavyo havitoki nje. Usiwachanganye hadi wadogo wamemaliza chanjo na wamekua kiasi cha kujitetea.

Kondakta wa Zamani

Kutoka Iringa hadi kwenu ni mwendo wa saa tatu hivi, hivyo shida za buti zinapungua. Bado, fungueni boksi mbele ya aliyeleta, hesabuni, pigeni picha kabla ya kulibeba. Boksi lisipokelewe na mtoto wala na bodaboda ambaye atalifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki.

Mfugaji wa Makambako (mwanzisha mada)

Nimezungumza na wakala leo mchana. Kwa chanjo amenijibu vizuri, akanionesha karatasi ya kituo yenye mareksi na mdondo wa siku ya kwanza. Vifo vya njiani atafidia vitakapozidi viwili kwa boksi, na amekubali kuyaandika hayo. Nilipomwuliza saa ya kuanguliwa, alisema hajawahi kuulizwa swali hilo, kisha akasema maboksi huwa yanalala kwake usiku mmoja kabla ya kugawiwa. Nimemwomba namba ya kituo ili niulize mwenyewe, na kama usiku huo hauwezi kuondolewa, nitapanda basi la asubuhi kwenda Iringa nikawachukue mimi.